Mwandishi mhafidhina ana nafasi kwenye filamu na runinga?

*Swali:* "Assalaam aleikum. Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Nimeandika tamthilia ya vipindi sita kuhusu nyanya anayekataa kumuuzia mgeni kutoka Ulaya nyumba ya ukoo huko Mkomani, na mjukuu wake anayetaka iuzwe apate karo ya chuo. Mwaka jana niliupeleka mswada kwenye mafunzo ya waandishi Mombasa. Mkufunzi akaniambia kazi yangu ni ya kihafidhina mno, na kwamba hakuna runinga itakayoichukua mpaka nyanya awe ndiye adui, au mwishoni akiri alikosea. Mimi kweli ni mhafidhina na sioni haya: naamini dini, ndoa, heshima kwa wazee, na kwamba mambo yasibadilishwe mbiombio. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema hata Hollywood wenye mawazo kama yangu hawapewi kazi, eti kuna watu wanaoamua kwa siri. Baba naye anasema afadhali serikali izipige marufuku filamu zao zote, nami niachane na mambo haya. Nifiche msimamo wangu? Nimbadilishe nyanya? Au niache?"

*Jibu:* Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zile kurasa tatu ulizoambatisha nimezisoma mara nne, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu. Umebeba maswali mawili kwenye kikapu kimoja. La kwanza: mtu mwenye imani kama zako ana nafasi kwenye filamu na runinga za watu wote? La pili: huyu nyanya uliyemwandika anafaa kama alivyo? Mkufunzi wako alilijibu la pili kwa maneno ya la kwanza, ndiyo maana ukarudi nyumbani na kidonda.

Nikutangulizie jibu fupi. Mlango haujafungwa. Ni mwembamba, na upo uzito unaousukuma ujifunge, lakini bawabu wa siri hayupo. Na nyanya usimgeuze adui. Ila kwa kurasa nilizosoma, bado hajawa mtu.

Tuanze na neno lenyewe, maana limekuchanganya wewe na binamu yako. Uhafidhina ni mtoto wa neno hifadhi, ndugu yake aliyeihifadhi Kurani kifuani, na ndugu yake hifadhi ya mji wenu wa kale uliotiwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001. Katika siasa, watu wengi huuanzia kwa Edmund Burke, mbunge wa Uingereza mzaliwa wa Ireland, aliyeandika mwaka 1790 kuyapinga mapinduzi ya Ufaransa. Hoja yake ilikuwa kwamba jamii ni mapatano ya walio hai, waliokufa na ambao hawajazaliwa, basi kizazi kimoja kisijione ndicho mwenye mali peke yake. Nyanya wa mswada wako hajawahi kumsikia Burke. Lakini anaijua wakf, mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala isirithiwe, na wakf ni wazo hilohilo likiwa na kuta na mlango wa nakshi.

Uhafidhina wa kisiasa wa Marekani umebeba na mizigo mingine: kodi ndogo, haki ya kumiliki bunduki, serikali isiyojiingiza. Mhafidhina wa Texas anataka serikali imwondokee. Mhafidhina wa Lamu aghalabu analalamika kwamba serikali haijamletea hatimiliki ya shamba wala daktari. Na vyama vya Kenya havikugawanyika kwa mstari huo hata kidogo. Kwa hiyo binamu yako akisema "wenye mawazo kama yako", anakuvalisha nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Sasa hiyo Hollywood. Ni kweli kwamba leo waigizaji, waandishi na watayarishaji wengi wa huko wanaegemea chama cha Democratic, kinachopingana na kile cha wahafidhina, Republican, na michango yao ya kampeni inaelekea huko kwa wingi. Si kweli kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1930 kampuni kubwa za filamu ziliandika kanuni za maadili, na kuanzia 1934 zikaanza kutekelezwa kwa ukali. Filamu haikuruhusiwa kumwonea huruma mhalifu kwa uovu wake. Ndoa na nyumba ilibidi vitukuzwe. Kiongozi wa dini hakuruhusiwa kufanywa kichekesho wala mtu mbaya wa hadithi. Baba yako angezipenda kanuni hizo. Zilidumu mpaka 1968, zilipobadilishwa na utaratibu wa kupanga filamu kwa umri wa mtazamaji.

Na orodha ya siri ya wasiopewa kazi, ambayo binamu yako anaiwaza, iliwahi kuwapo kweli. Mwaka 1947 kamati ya Bunge la Marekani iliwaita watu wa filamu na kuwauliza kama ni wakomunisti. Kumi walikataa kujibu, wakafungwa jela, na kampuni zikatangaza kutowaajiri. Waandishi wengi wa mrengo wa kushoto waliishi miaka mingi wakiuza kazi zao kwa majina ya watu wengine. Ninakusimulia haya ujue kwamba upepo huu umewahi kuvuma kutoka pande zote mbili. Aliyekuwa kiongozi wa chama cha waigizaji mwaka huo ni Ronald Reagan, ambaye mwaka 1962 alihamia chama cha Republican na baadaye akawa rais. Clint Eastwood alikuwa meya wa mji wake kuanzia 1986 mpaka 1988 na hakuacha kuongoza filamu. Arnold Schwarzenegger alikuwa gavana wa California kwa tiketi ya Republican.

Kama hakuna siri, kwa nini basi mtu kama wewe ahisi mlango unamsukuma? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nimekaa kwenye vyumba vya waandishi zaidi ya miaka ishirini.

Kazi hii haitangazwi. Inapatikana kwa kujuana. Mtayarishaji anamwita aliyefanya naye kazi, huyo anamwita rafiki yake, na baada ya miaka michache mezani wamekaa watu wanane waliosoma shule zinazofanana, wanaoishi mtaa mmoja na kucheka mambo yaleyale. Hakuna aliyetoa amri. Mwenye fikra tofauti anajikuta peke yake wakati wa chakula cha mchana, ananyamaza, na kunyamaza kwake kunawafanya wengine waamini kwamba wote wamekubaliana.

Nilikuwa kwenye chumba kama hicho tukiandika tamthilia yenye familia ya Pwani. Kila mara alipotokea mzee mwenye kofia, kipindi hakikwisha kabla hajaonekana mnafiki: ama anamwoza mtoto, ama anakula pesa ya yatima. Wazee wa namna hiyo wapo, simkatazi mtu kuwaandika. Lakini pale mezani hapakuwa na hata mmoja mwenye ami aliyekuwa imamu, mtu wa kusema, "Ami yangu huamka saa kumi alfajiri, hushuka kisimani kumtekea maji jirani mgonjwa, na hajawahi kunipiga." Mimi nilikuwa naye ami huyo. Nilikaa kimya vikao viwili kabla ya kulisema, na niliposema, wenzangu hawakukasirika. Walishangaa tu, kisha wakaandika mzee mwingine aliye bora zaidi. Vile vikao viwili bado vinaniuma.

Uzito wa pili ni pesa, na watu wengi huuchanganya na siasa. Tim Allen, mchekeshaji anayejulikana kwa msimamo wa kihafidhina, alikuwa na tamthilia ya vichekesho iliyofutwa na kituo cha ABC mwaka 2017 ikiwa bado inatazamwa vizuri. Mashabiki wakasema ni siasa. Kituo kikasema ni biashara. Na kweli, iliyokuwa ikiitengeneza ni kampuni nyingine, kwa hiyo kila msimu kituo kililipia kitu kisichokuwa chake. Mwaka uliofuata kituo cha Fox kikaichukua, ikaendelea mpaka 2021. Wewe ukiwa nje hutaweza kuipima sababu ya kweli, na mwandishi akizoea kuita kila kukataliwa uonevu hataboresha kazi yake. Vilevile wapo waliokataliwa kweli na wakajengwa na watazamaji. Mel Gibson alipotaka kutengeneza filamu ya mateso ya Yesu, kampuni kubwa zilisita. Akatoa pesa yake mwenyewe, kama dola milioni 30. Filamu hiyo ya 2004 ikaingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani, kwa sababu makanisa yalijaza mabasi kuwapeleka watu.

Na kwa nini tutazame Marekani tu? Pale Lamu, jioni, tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili zinazungumzwa barazani kama habari za jirani. Ile maarufu ya Ertuğrul, iliyorushwa na kituo cha taifa cha Uturuki kuanzia 2014 mpaka 2019, imejaa sala, heshima kwa mama na utii kwa kabila. Mwaka 2020 waziri mkuu wa Pakistan, Imran Khan, aliwahimiza raia wake waitazame. Hiyo ni burudani ya watu wote, tena ya kihafidhina waziwazi. Anayekuambia kwamba dini na ukoo haviuzi hajakaa barazani kwenu.

Kwa baba yako nitasema kwa adabu, maana namwelewa. Anaona vijana wanajifungia na simu zao na anaogopa. Lakini Kenya si nchi ambayo mhafidhina amekosa sheria ya kumlinda. Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, tuna bodi inayopanga filamu kwa umri na kuzuia nyingine, na runinga hazitakiwi kuonyesha mambo ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Hilo la saa naliunga mkono kwa moyo wote, watoto walindwe. Kupiga marufuku kabisa ni jambo jingine. Mwaka 2018 bodi iliizuia filamu ya Kikenya iliyohusu mapenzi ya wasichana wawili. Mahakama ikairuhusu kwa siku saba, na ukumbi wa Nairobi ukafurika. Wengi waliopanga foleni wasingejua kama ipo lau si lile katazo. Na mkono wa kukataza haumtambui rafiki. Mwaka 1977 serikali ilifuta leseni ya mchezo wa wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliokuwa wakiigiza kwa Kigikuyu chao. Kesho mkono huohuo unaweza kuukuta mswada unaosema mgeni asiuziwe nyumba Mkomani, ukauita uchochezi.

Nina sababu ya pili, ya kifundi, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mwandishi anayelindwa na katazo hajifunzi kumjibu mpinzani wake, kwa kuwa mpinzani hayupo. Matokeo yake ni tamthilia ya hotuba. Mwaka 1858 Mwana Kupona aliandika utendi wa kumwusia binti yake, wasia wa kihafidhina kutoka mwanzo mpaka mwisho, na unasomwa hadi leo hata na wanawake wasiokubaliana nao. Umedumu kwa sababu nyuma ya kila agizo unamsikia mama mgonjwa anayejua kwamba hatakuwapo kumlea mwanawe.

Hapo ndipo tunamfikia nyanya wako.

Marekani walikuwa na mhusika mmoja, Archie Bunker, aliyerushwa hewani kuanzia 1971. Aliyemtunga, Norman Lear, alikuwa mliberali, yaani mtu wa mrengo unaopingana na wahafidhina, na alitaka watu wamcheke mzee huyo kwa chuki na ubishi wake. Mwaka 1974 watafiti wawili, Vidmar na Rokeach, wakachapisha walichokikuta: watazamaji wenye chuki kama zake walimwona Archie ndiye anayeshinda mabishano. Kisha 1982 kikaja kipindi kingine chenye wazazi waliberali na kijana wao Alex Keaton, shabiki mkubwa wa Republican. Mtunzi alikuwa mliberali, na aliwakusudia wazazi wawe katikati. Lakini Alex aliandikwa kwa upendo mwingi na kuigizwa vizuri na Michael J. Fox hata akakichukua kipindi chote, na Rais Reagan akasema ndicho akipendacho kuliko vyote. Mtazamaji hafuati hoja, anamfuata mtu. Ukimwandika mtu kamili, hata wasiokubaliana naye watakaa naye.

Tazama ukurasa wako wa pili. Mjukuu anasema anataka kusoma. Nyanya anajibu: "Mila zetu ni ngao yetu, na ardhi ya mababu haiuzwi kwa thamani yoyote." Mwanangu, hakuna nyanya Mkomani anayezungumza hivyo akiwa jikoni. Hilo ni bango. Na mjukuu umempa sentensi moja tu, tena dhaifu, ili nyanya ashinde upesi. Ukimnyima mjukuu hoja, unamnyima nyanya ushindi.

Ningefanya hivi. Mvua ya masika imeanza. Nyanya ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, dari inavuja, na tone linaangukia ukingoni mwa sinia. Hasemi kitu, analisogeza sinia. Tone linaanguka tena, analisogeza tena. Mjukuu amesimama mlangoni ameshika barua ya chuo. Boriti ya juu imeoza, na kubadilisha dari kunahitaji pesa ambayo nyanya hana. Mjukuu anataja bei aliyotoa mgeni, na kwa mara ya kwanza mkono wa nyanya unasimama juu ya mbuzi. Ametamani. Hapo tu ndipo kukataa kwake kutakuwa na uzito, kwa sababu tumeona anachokiacha. Halafu usimpe hotuba. Akamue tui kwenye kifumbu, aseme, "Niletee ngazi," apande akaitazame boriti mwenyewe, na magoti yake ya miaka sabini.

Sasa utaona mkufunzi wako alikuwa na nusu ya haki. Alihisi nyanya ni ukuta, akadhani dawa ni kuubomoa. Mimi nasema umtie damu. Kama mwisho nyanya atabaki na msimamo wake, na abaki nao, ilimradi karo ya yule msichana isitokee kimuujiza kutoka kwa mjomba wa Dubai. Kuhifadhi kuna gharama, na mhafidhina mkweli huionyesha.

Kuhusu pa kuipeleka sitakuficha. Runinga kubwa italipa, na itakukata: watataka kijana mrembo zaidi, mgogoro uje mapema zaidi. Hayo mengi vumilia. Pesa ya wafadhili nimewahi kuila. Akikupa mada, sikiliza. Akikupa na hitimisho kabla hujaandika hadithi, mshukuru uondoke. Vituo vya dini vitakupokea vizuri, lakini watakaokutazama ni waliokwisha kukubaliana nawe, na wewe ulitaka watu wote. Kuipiga picha mwenyewe si ndoto: nyumba moja, waigizaji watano, kichochoro na punda. Lakini leseni ya bodi uchukue kabla ya kuwasha kamera, hata kama utaiweka kwenye simu za watu tu.

Msimamo wako usiufiche, wala usiutangulize. Kwenye kikao zungumza kuhusu nyanya na dari. Ukiulizwa imani yako jibu kwa sentensi moja ya kweli, urudi kwenye hadithi. Sikuahidi kwamba haitakugharimu. Zipo kazi utakazozikosa na hutaambiwa kwa nini.

Mambo mengine hayamalizwi kwa barua. Ukiletewa mkataba, usiusaini siku hiyohiyo, mpelekee wakili aketi nawe, hasa ukiona maneno ya kutoa haki zote, nchi zote, milele. Hakimiliki ni yako tangu ulipoiandika kazi, lakini kuisajili kwenye Bodi ya Hakimiliki kunakupa ushahidi. Baba yako usimpe mswada asome peke yake. Mtafute ami au shangazi anayesikilizwa, mkae pamoja, na umsomee onyesho la dari kwa sauti. Na ikitokea mtu amekutishia kwa ajili ya hadithi hii, ujumbe wake uhifadhi, uwaambie wazee na uende polisi. Usilibebe peke yako.

Kabla ya hayo yote, wiki hii nenda kwenye mahakama ya Kadhi hapo Lamu ukaulize swali moja. Ukurasa wa pili umeandika kwamba babu aliiweka nyumba wakf. Ukurasa wa tatu mgeni anamwomba nyanya saini ya kuuza. Hayo mawili hayakai pamoja, kwa kuwa wakf haiuzwi, na saini ya nyanya haina nguvu. Ikiwa ni mirathi tu, basi kila mrithi ana fungu lake, na wajomba wanaweza kumbana nyanya mpaka ukutani, na hapo una vipindi sita vyenye moto. Ikiwa ni wakf kweli, swali la tamthilia linageuka: nyanya anajua hawezi kuuza hata akitaka, na mjukuu hajui. Chagua mojawapo baada ya kumsikia Kadhi, kisha niandikie.